Usimlaze Mzee kwa Vidonge

Kwa kaya zinazoishi na mzee aliyeanza kusahau

Tunayemzungumzia
Ni mzee anayesahau kuliko wenzake wa rika lake, lakini bado anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakwenda msikitini au kanisani na kurudi. Si kila mwenye hali hii huishia kushindwa kujihudumia. Wengine hubaki hivyo hivyo miaka mingi, na wapo wanaopata nafuu.

Tabia zikibadilika
Bibi aliyekuwa mcheshi ananuna kutwa. Babu aliyependa bao hataki kutoka chumbani. Mwingine anafoka kwa jambo dogo, anaingiwa na wasiwasi jua likizama, au anaamka usiku wa manane kutafuta funguo. Yupo anayeficha hela chini ya mto, akasahau, kisha akamsingizia mkamwana wizi. Hajifanyi. Wala si uchawi: anayemwita bibi kizee mchawi kwa sababu anaongea peke yake anamhatarishia maisha.

ONYO: Usimpe dawa ya usingizi ya kununua dukani
Wazee wanafikishwa wodini kwa kosa hili hili. Mzee hakulala, nyumba nzima imechoka, kijana anatumwa duka la dawa kuchukua Valium. Ikikosekana, Piriton mbili, "alale kidogo". Analala kweli. Akiinuka kwenda chooni anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika. Asiyeanguka anaamka kachanganyikiwa kuliko jana, na ndugu wanadhani ugonjwa umezidi, wanamwongezea kidonge.

Usimpe. Usimpe nusu. Usimpe cha jirani, hata kama mama yake kilimtuliza. Usimtilie kwenye uji.

Lakini kama amekuwa akimeza Valium kila siku kwa muda mrefu, usimkatishe ghafla. Anaweza kushikwa na degedege. Mlete kituo cha afya apunguziwe taratibu.

Pombe ili alale?
Hapana.

Badala ya kidonge
Usibishane naye kuhusu hela anazodai zimeibwa. Zitafuteni pamoja, kisha mpe kazi anayoiweza: kuchambua mchele, kumwagilia mboga. Mchana atembee, apate jua, asisinzie kutwa. Chai na kahawa ziishie mchana. Usiku taa iwake njia ya chooni.

Lini umlete kituoni
Akinuna na kukosa hamu ya chakula kwa wiki mbili, mlete. Huzuni hiyo ina tiba. Akisema amechoka kuishi, mlete siku hiyo hiyo na msimwache peke yake. Akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni dharura: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia au sukari iliyoshuka. Macho na masikio yapimwe pia, maana asiyesikia vizuri hushuku kila mnong'ono.

Beba dawa zake zote, na za miti shamba, mfuko mzima. Na kile kidonge cha usingizi mlichokwisha nunua? Kije kwenye mfuko huo huo. Usimpe hata njiani.