Somo: Matumizi Salama ya Jenereta Nyumbani Umeme Unapokatika

Jenereta ndogo ya petroli hutufaa sana umeme unapokatika. Hata hivyo, huweza kuua kwa njia mbili zisizoonekana kwa macho: hewa inayotoka katika injini yake, na umeme unaorudi katika nyaya za mtaani.

Kwanza, hewa. Injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huweza kufa bila kuzinduka. Kwa hiyo jenereta isiwashwe ndani, stoo, jikoni wala barazani, hata madirisha yakiwa wazi. Iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekezwa mbali na milango na madirisha, ya jirani pia. Anayeumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu wakati jenereta inawaka atolewe nje mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.

Pili, umeme unaorudi. Wapo wanaochomeka waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo huweza kupita kwenye mita hadi kwenye transfoma, ambayo huupandisha kutoka volti 230 hadi volti 11,000 au 33,000. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, akijua laini imezimwa, huweza kupoteza maisha. Chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta, au fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie swichi ya kubadilishia umeme, isiyoruhusu vyanzo viwili kukutana.

Tatu, uwezo. Jumlisha wati za vifaa vyako kabla ya kuwasha. Taa 5 za wati 10 ni wati 50; televisheni, 100; friji, 150. Jumla ni 300. Lakini friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake, hivyo bakiza nafasi. Pasi ya wati 1,000 isubiri umeme urudi.

Mwisho, zima jenereta na uache injini ipoe kabla ya kuongeza petroli. Moto ukitokea, piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Tahadhari hizi zinalinda familia yako, jirani yako, na fundi anayekurudishia umeme.