KUFUNDISHA KICHWA CHA TRENI YA DIZELI KWA NJIA YA UIGIZAJI

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikagua somo la Sayansi katika shule moja ya msingi huko Mwese, mkoani Katavi. Mwalimu mwanafunzi aliwapanga watoto mstari mmoja, kila mtoto akamshika mwenzake mabega, nao wakazunguka uwanja wakilia "chuku-chuku-chuku". Watoto walifurahi mno. Lakini nilipowauliza treni huvutwa na nguvu gani, wengi walijibu, "Moshi." Walikuwa wameigiza garimoshi la mvuke, ambalo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuliona likifanya kazi.

Uigizaji ni njia bora ya kufundisha, na makala haya hayakusudii kuupinga. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba igizo lina sehemu mbili: sura ya kitu na kanuni ya kitu. Igizo linalochukua sura na kuiacha kanuni humfurahisha mtoto na kumwacha na kosa.

Tutazame mfano wa mbali kidogo. Ipo michezo ya kompyuta ambayo mchezaji huendesha treni. Mmoja wapo, Train Sim World: CSX Heavy Haul, uliotolewa mwaka 2017, humweka mchezaji ndani ya kichwa cha treni ya mizigo cha Marekani aina ya SD40-2. Vichwa vya aina hiyo viliundwa kati ya mwaka 1972 na 1989. Kimoja kina nguvu za farasi 3,000, ekseli 6, na uzito wa tani 167 hivi. Njia yenyewe hupita milimani, katika majimbo ya Maryland na Pennsylvania. Waundaji wameiga rangi, honi na vishikio. Lakini funzo la mchezo huo limo katika uzito. Mchezaji anayechelewa kushika breki mteremkoni huona treni yake ikimpita nguvu. Hapo ndipo sura inapokutana na kanuni.

Mwalimu mwanafunzi yule aliniuliza, "Mwalimu, shule hii haina kompyuta, na reli iko mbali Mpanda. Nifanyeje?" Swali lake lilikuwa la haki, nami nitalijibu kwa hatua.

Maarifa ya mwalimu

Kwanza mwalimu ajue jambo lenyewe. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, ilifunguliwa mwaka 1950, hasa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mtandao wa Reli ya Kati, ambao njia hiyo ni tawi lake, umetumia kwa miaka mingi vichwa vya dizeli vya daraja la 88, vilivyoundwa Kanada na kiwanda cha Montreal Locomotive Works, kilichofuata miundo ya Alco ya Marekani. Basi vichwa hivyo vya kwetu na vile vya Marekani ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa reli yetu hiyo ina upana wa milimita 1,000 na ile ya Marekani milimita 1,435.

Katika vichwa hivyo injini ya dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Injini huzungusha jenereta. Jenereta hutoa umeme. Umeme huenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, na mota ndizo zizungushazo magurudumu.

Hatua ya kwanza: Mnyororo wa nguvu

Chagua watoto wanane. Mmoja awe injini, mmoja jenereta, na sita wawe mota. Injini apewe maharage, ambayo ni mafuta. Kila anapotumia harage moja, azungushe mkono wa jenereta mara moja. Jenereta naye, kila azungushwapo, atoe punje ya mahindi, ambayo ni umeme, na kuwapa mota kwa zamu. Mota asiyepata punje asisogee. Maharage yakiisha, wote husimama. Baada ya igizo waulize: Je, injini iligusa gurudumu?

Hatua ya pili: Uzito na breki

Vifaa ni ubao, tofali, gari la boksi lenye magurudumu ya kandambili kuukuu, mawe matatu yanayokaribiana uzito, na boksi dogo tupu. Inua ncha moja ya ubao kwa tofali. Weka boksi tupu sakafuni mbele ya ncha ya chini. Hilo ndilo breki. Achia gari lenye jiwe moja kutoka kwenye alama, bila kulisukuma, kisha pima ni sentimita ngapi limelisukuma boksi. Rudia mara tatu na kutafuta wastani. Halafu fanya vivyo hivyo kwa mawe matatu.

Mwalimu asiliache boksi la breki. Gari likiachwa litembee lenyewe, tofauti kati ya zito na jepesi huenda isionekane wazi, na watoto watahitimisha vibaya. Ni pale breki ileile inapopambana na mizigo tofauti ndipo kanuni hujitokeza: mzigo ukizidi, mwendo wa kusimama hurefuka.

Hatua ya tatu: Kuhusisha na maisha

Watoto wa Mwese wanaijua kanuni hii kwa miguu yao. Waulize: ni nani amepata kushuka mlima kwa baiskeli yenye gunia la mahindi? Waeleze walivyofunga breki mapema. Kisha ndipo useme habari za treni.

Hapa mwalimu asione haya kusema ukweli mzito. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Mwanafunzi aliyepima mwendo wa gari la boksi ataelewa kwa nini treni haiwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mtu aliye relini. Siku atakapofika Mpanda, ufahamu huo waweza kumwokoa.

Mwalimu mwanafunzi yule alirudia somo baada ya siku tatu. Mwishoni msichana mmoja aliuliza, "Kama haliendi kwa moshi, mbona tunaliita garimoshi?" Swali hilo lilinionyesha kwamba somo limefika.

Maswali ya kujadili

1. Taja igizo moja ulilolitumia darasani. Lilichukua kanuni gani ya kitu, na liliacha ipi?
2. Ungemjibuje msichana yule?
3. Andaa somo la dakika 40 kuhusu breki kwa kutumia vifaa vya mazingira ya shule yako.