Maana ya "Mtandao Hakuna": Istilahi na Utambuzi wa Hitilafu katika Kompyuta ya Linux Iliyounganishwa kwa Waya

1.0 Utangulizi

Neno mtandao, lenye asili ya kitenzi tanda, limebebeshwa maana nyingi tangu lilipoingizwa katika uwanja wa kompyuta. Mtumiaji ambaye kompyuta yake ya mezani haifungui ukurasa wowote wa intaneti aghalabu husema "mtandao hakuna". Kauli hiyo yatosha katika mazungumzo, lakini haimwongozi fundi, kwa kuwa inajumuisha hitilafu nne zilizo tofauti. Athari zake si za kinadharia tu: waya mzima huweza kutupwa na mpya kununuliwa, ilhali kasoro imo katika mstari mmoja wa faili. Makala haya yanaonyesha jinsi mfumo wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, unavyozitenga hitilafu hizo, na jinsi vitenzi vya Kiswahili vinavyoweza kuzitaja bila utata.

2.0 Kuunganishwa na Kuungana

Kitenzi unganishwa kimo katika kauli ya kutendwa. Kinaeleza tendo la mtu aliyechomeka waya. Ungana kimo katika kauli ya kutendana. Kinadai pande mbili zishirikiane. Hivyo basi, waya waweza kuwa umeunganishwa, na bado kompyuta isiungane na swichi.

Amri ip link huidhihirisha tofauti hiyo. Kadi ya mtandao hutajwa kwa jina kama vile enp3s0. Maneno NO-CARRIER yakitokea mbele ya jina hilo, kadi imewashwa lakini haipati ishara kutoka upande wa pili. Hapo ndipo ifaapo kukagua vichomeko vya ncha zote mbili, taa ndogo za tundu, tundu jingine la swichi, na urefu wa waya, ambao kwa kawaida katika Ethaneti ya waya wa shaba hautakiwi kuzidi mita 100. Kama kadi haikuorodheshwa kabisa, waya hauna lawama. Iwapo amri lspci inaionyesha kadi hiyo, uchunguzi uelekezwe kwenye kiendeshi chake.

3.0 Kupewa Anwani

Kuungana hakutoshi, kompyuta yahitaji kupewa anwani, kwa kawaida na ruta. Amri ip addr huionyesha. Anwani ianzayo kwa 169.254 ni ile ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Tofauti ya kupewa na kujipa, ambayo Kiswahili huibeba kwa viambishi tu, ndiyo kiini cha utambuzi katika hatua hii: anayestahili kuchunguzwa ni mtoaji wa anwani.

4.0 Kufikia na Kufikika

Amri ping ilibuniwa na Mike Muuss mwaka 1983. Jina lake ni tanakali ya sauti ya chombo kitumiwacho na manowari kusikilizia mwangwi. Wengi hukosea kwa kuanza na anwani 127.0.0.1. Jibu litokalo huko halithibitishi lolote kuhusu waya, kwa kuwa kompyuta inajijibu yenyewe. Utaratibu ufaao ni kutazama njia kwa amri ip route, kisha kuita anwani ya ruta iliyotajwa humo, ndipo iitwe anwani ya mbali, kwa mfano 1.1.1.1.

Ujumbe wenye maana ya "mtandao haufikiki" wahitaji kufasiriwa kwa uangalifu. Kauli ya kutendeka huficha mtenda. Kwa kawaida mfumo hutoa ujumbe huo kwa sababu hauna njia ya kupitishia data, na kwa hiyo hakuna kilichotumwa. Kimya ni jambo jingine: data imetumwa na jibu halikurudi. Hata hivyo, kimya pekee si ushahidi kamili, kwani baadhi ya mitandao huzuia majibu ya ping.

5.0 Kutambua Majina

Anwani ya mbali ikijibu ilhali tovuti haifunguki kwa jina lake, inayoshukiwa kwanza ni huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani. Faili /etc/resolv.conf huonyesha seva inayoulizwa. Katika hali hii kubadilisha waya ni kupoteza fedha.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba "mtandao hakuna" yaweza kumaanisha: kompyuta haijaungana, haijapewa anwani, haifikii nje, au haitambui majina. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuingia ndani ya programu. Kazi inayofuata si kubuni nomino mpya pekee. Vitenzi vilivyopo, na minyambuliko yake, vikifundishwa pamoja na amri hizi, mwanafunzi ataeleza kasoro kwa usahihi kabla hajagusa waya.