SOMO LA KOMPYUTA: DISKI INAPOKATAA KUGAWANYWA



Vijana wengi wanajifunza kuweka Windows au Ubuntu katika kompyuta zilizotumika. Kazi hukwama mara nyingi pale pa kugawa diski, na hapo ndipo mafaili hupotea: vyeti vya shule, barua, picha za ndugu tulioachana nao. Somo hili lisomwe polepole.

Kugawa diski ni nini?
Diski ni kama mtaa uliogawanywa viwanja. Mipaka ya kila kiwanja imeandikwa katika daftari lililo mwanzoni mwa diski. Daftari hilo lina namna mbili: ya zamani, MBR, na mpya, GPT.

Kabla ya kuanza
1. Nakili mafaili kwenye flashi au diski nyingine. Fungua mawili matatu uone kama yanasomeka.
2. Itambue diski kwa ukubwa wake, usije ukaichanganya na flashi. Diski ya GB 500 Windows huionyesha kuwa GB 465 hivi. Hakuna kilichoibiwa, ni namna ya kuhesabu tu.

Tatizo la 1: Diski haionekani.
Zima, chomoa umeme, kaza nyaya za diski. Washa na uingie BIOS. Ikiwa hata huko haipo, ubovu huenda ni wa waya au wa diski yenyewe.

Tatizo la 2: Windows inakataa kwa sababu diski ni ya GPT.
Usifute diski! Kompyuta imewashwa kwa njia ya zamani. Washa upya, fungua orodha ya kuchagua chombo cha kuwashia, na uchague flashi ile ile kwenye mstari wenye neno UEFI.

Tatizo la 3: Nafasi ipo, lakini sehemu mpya haiundwi.
MBR huruhusu sehemu kuu nne tu. Chagua sehemu ya mafaili iliyopakana na nafasi hiyo, nakili yaliyomo, kisha ifute. Mahali pake unda sehemu ya "extended", ambayo hubeba sehemu nyingine ndani yake. Usiguse sehemu ndogo ya kuwashia Windows.

Tatizo la 4: Ubuntu haiwezi kupunguza sehemu ya Windows.
Windows haikuzimwa kabisa; imelala tu. Irudie, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuzima, kisha jaribu tena.

Tahadhari
Maneno "Delete", "Format" na "Erase disk" hayana mzaha. Usiyabofye kabla ya kusoma jina na ukubwa wa sehemu. Aliyefuta kwa bahati mbaya azime kompyuta mara moja, wala asiweke kitu kipya. Katika diski ya kuzunguka, mafaili mara nyingi hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake.

Ukikwama, nakili kwenye karatasi maneno yote yaliyo kwenye kioo, uje nayo darasani. Kuuliza si aibu. Diski ikishafutwa, majuto ni mjukuu.