Ligi ya vijana ya chama: shule ya uongozi au fimbo ya mkubwa?



Somo hili linahusu ligi za vijana za vyama vya siasa: namna zinavyoharibika, namna zinavyoweza kutengenezwa upya, na namna ya kuziendesha siku kwa siku. Mmoja wenu anaweza kuuliza: sisi tuliopoteza mashamba na nyumba, mambo ya vyama yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wakati wa uchaguzi kijana asiye na shule wala kazi ndiye anayetafutwa mbele ya wote, na katika familia zilizohama vijana wa namna hiyo ni wengi. Pili, wako Wakongomani wengi waliofukuzwa makwao na vijana wenzao, na nyuma ya vijana hao alikuwepo mkubwa aliyewatuma.

Hatusemi kwamba vijana waache siasa. Kijana akiiacha siasa, siasa haimwachi yeye. Tunasema kwamba aingie kwa macho wazi, na kwamba chama kimpokee kama mwanachama, si kama chombo cha kutumiwa halafu kutupwa.

1. Tulikotoka

Wazee wetu wanakumbuka JMPR, yaani vijana wa MPR. Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967 na Mobutu, na baadaye kila raia wa Zaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mwaka 1968 umoja huru wa wanafunzi, UGEC, ulipigwa marufuku, na JMPR ikabaki peke yake mashuleni na chuoni. Vijana walifundishwa kuimba na kucheza kwa kumsifu kiongozi. Brigedi zake za nidhamu zilijulikana sokoni na barabarani kwa kuwasumbua watu na kuwatoza feza. Hapo vijana wa chama walifanywa macho na mkono wa serikali. Hawakufundishwa kuuliza.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vingi vilizaliwa, lakini desturi ya zamani haikufa. Huko Shaba, yaani Katanga, chama cha UFERI cha Nguza Karl-i-Bond kilikuwa na vijana wake walioitwa JUFERI. Wakati ule kazi zilikuwa zinapotea. Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, iliporomoka hadi chini ya tani 50.000 mwaka 1994. Vijana walikuwa na njaa na hasira ya kweli. Viongozi, pamoja na gavana wa jimbo Gabriel Kyungu wa Kumwanza, hawakuwaeleza sababu za njaa hiyo. Waliwaonyesha jirani: watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na kampuni ya migodi na ya reli tangu wakati wa ukoloni. Waliitwa «bilulu», yaani wadudu.

Mwezi wa Agosti 1992, Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alichaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa kuwa waziri mkuu pahali pa Nguza. Fujo zilianza Likasi, na mwezi wa Machi 1993 zikafika Kolwezi. Nyumba zilichomwa na watu waliuawa. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Wengi walilala wiki na wiki kwenye stesheni wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga, na wengine walikufa kwa magonjwa wakiwa njiani au wakingojea.

Tujiulize: vijana wa JUFERI walipata nini? Kazi walizoahidiwa hazikuja. Gécamines ilipoteza mafundi wenye ujuzi wa miaka mingi, ikazidi kuanguka. Walioamuru waliendelea na siasa yao. Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Jirani zetu wa Rwanda walipata mfano mbaya kuliko wote. Interahamwe walikuwa vijana wa chama cha MRND, kisha wakafundishwa kuua, na mwaka 1994 wakawa mbele katika mauaji ya kimbari ya Watutsi. Sisi wa Kivu tunajua walipokimbilia baada ya hapo, na tunajua gharama yake.

Lakini kuna mfano mwingine. Huko Afrika Kusini, mwaka 1944, vijana wa chama cha ANC walianzisha ligi yao. Rais wake wa kwanza alikuwa Anton Lembede, na kati yao walikuwemo Nelson Mandela, Walter Sisulu na Oliver Tambo. Waliona wazee wao wanaandika barua za kuomba tu. Waliandika fikira zao, wakazitetea katika mikutano, na mwaka 1949 mkutano mkuu wa chama ukapokea mpango wao wa kazi. Vijana hao walikisukuma chama kwa hoja, ndani ya chama chenyewe.

2. Sheria inasema nini?

Katiba ya 18 Februari 2006 inatupa maneno ambayo kila kijana anapaswa kuyajua:

- Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi la binafsi, au kuwa na vijana wenye silaha. Ni kosa la uhaini mkubwa.
- Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria.
- Kifungu cha 26 kinaruhusu maandamano. Wanaoyatengeneza wanapaswa kuijulisha serikali kwa maandishi, na hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuandamana.
- Kifungu cha 43 kinasema mashirika ya vijana yana kazi ya kuelimisha.

Tena, sheria ya vyama ya mwaka 2004 inataka chama kiwe cha taifa lote, si cha kabila, jimbo wala ukoo. Ligi ambayo wanachama wake wote wanatoka kabila moja katika mji wenye makabila kumi inapaswa kujiuliza maswali.

3. Ligi inaharibika kwa njia gani?

Haiharibiki siku moja. Hizi ndizo alama tunazoziona mara kwa mara:

- Mkubwa mmoja ndiye anayelipa kila kitu. Akisafiri, ligi inalala, akirudi, inaamka.
- Hakuna daftari la wanachama. Kuna kundi tu linaloitwa siku ya mkutano kwa fulana, bia na franka kidogo.
- Rais wa vijana ana miaka hamsini, na hakuna anayekumbuka ni lini alichaguliwa.
- Kuna «kikosi cha ulinzi» chenye fimbo na majina ya kivita.
- Wasichana wanaitwa kucheza na kupika, lakini siku ya kuamua hawaitwi.
- Lugha inabadilika. Mpinzani anaitwa adui, halafu mgeni, halafu mnyama. Lugha ikifika hapo, damu haiko mbali.

4. Kuitengeneza upya: hatua saba

Hatua ya kwanza: kujua ni nani mwanachama. Fungueni daftari. Kila mmoja aandikwe jina, umri, kartie na tarehe ya kuingia. Wekeni kikomo cha umri, kwa mfano miaka 18 hadi 35. Mtoto asiyefika miaka 18 asiandikwe, asitumwe, asivalishwe nguo ya chama. Asiyekuwa katika daftari hasemi kwa jina la ligi.

Hatua ya pili: kuchagua viongozi kutoka chini. Kartie ichague, kisha komini au teritwari, kisha jimbo. Kura iwe ya siri, na ihesabiwe mbele ya wote. Muhula uwe mfupi, miaka miwili au mitatu, na mtu asirudi zaidi ya mara moja. Wenye kupita umri waagwe kwa heshima na kupewa kazi ya ushauri. Mzee asiyejua mahali pa kwenda hatoki kitini.

Hatua ya tatu: feza ya ligi iwe ya ligi. Mchango wa mwanachama uwe mdogo, ili maskini aweze kuutoa, lakini uwepo. Wengi wetu tunajua likelemba: kila mmoja anatoa, kila mmoja anajua hesabu. Feza itolewe kwa sahihi mbili, na daftari lisomwe kwa sauti katika kila mkutano wa mwezi. Zawadi ya mkubwa ikija, iandikwe pamoja na jina lake, kiasi chake na kazi iliyofanya. Zawadi isiyoweza kuandikwa isipokelewe.

Hatua ya nne: kuvunja vikosi. Mkutano unahitaji watu wa kupokea wageni na kupanga viti. Hao wawe na beji na mikono mitupu. Usalama ni kazi ya polisi. Waliozoea kikosi wasifukuzwe tu, maana watachukuliwa na mwingine kesho yake. Wapewe kazi nyingine ndani ya ligi, na waitwe kwa majina yao ya nyumbani.

Hatua ya tano: kanuni ya mwenendo. Iandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na kila mwanachama aitie sahihi. Isikose mambo matatu: hakuna matusi ya kabila, hakuna silaha, na mwanachama akikataa amri mbaya hataadhibiwa. Kamati ya nidhamu isichaguliwe na rais wa ligi. Mtu akipiga au kuchoma, mambo yake yaende kwa sheria, yasimalizwe ndani ya chama kwa soda na msamaha.

Hatua ya sita: wasichana kuwa viongozi. Kifungu cha 14 cha Katiba kinataka mwanamke awe na nafasi ya haki katika uongozi. Asiwe mweka hazina tu kwa sababu «wanawake hawaibi». Aongoze pia mikutano na asimame kwenye uchaguzi. Pangeni mikutano mchana, mahali anapoweza kufika na kurudi salama.

Hatua ya saba: kazi kati ya uchaguzi na uchaguzi. Ligi isiyo na kazi miaka minne itatafutiwa kazi mbaya mwaka wa tano. Fanyeni salongo ya kusafisha mifereji pamoja na watu wasio wa chama chenu. Someni Katiba kifungu kwa kifungu. Ombeni bajeti ya komini na ulizeni feza ya barabara ilikwenda wapi. Kila mwaka pelekeni kwa wakubwa wa chama mapendekezo matatu yaliyoandikwa, na dai jibu la maandishi.

5. Ligi moja haitoshi

Mkijitengeneza peke yenu, kikosi cha chama jirani kitawarudisha nyuma. Kwa hiyo viongozi wa vijana wa vyama vyote vya mji wakutane kila mwezi, hata kama ni chini ya mwembe. Wapeane namba za simu. Kabla ya kampeni wapatane juu ya njia za maandamano, ili makundi mawili yasikutane kwenye kona moja saa ile ile. Bango likichanwa usiku, wapigiane simu kwanza kabla ya kukusanya watu. Fununu nyingi hufa zikiulizwa mapema.

6. Sisi tuliohama

Kanuni za Kuongoza za Umoja wa Mataifa juu ya wahamaji wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kwamba kuhama hakumwondolei mtu haki ya kupiga kura wala ya kushiriki katika mambo ya nchi yake. Hata hivyo, tarehe 20 Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi, Rutshuru na Kwamouth kwa sababu ya vita. Waliokosa kura wana sababu ya kuudhika. Hasira hiyo ni haki yao, lakini ndiyo pia mlango ambao wengine wanaingilia.

Kwa hiyo mtu akija kumwita kijana wako, mzazi, usimfukuze na usimshangilie. Mkalishe, mpe maji, kisha kijana wako amuulize maswali matano:

- Papa, jina langu litaandikwa katika daftari gani?
- Nani alikuchagua wewe, na lini?
- Kazi ni nini, na nikiikataa itakuwaje?
- Nikiumia au nikifungwa, nani atakuja?
- Watoto wako mwenyewe watakuwa wapi siku hiyo?

Mwenye nia njema atajibu bila kukasirika. Mwenye nia mbaya ataondoka mbele ya swali la tano.

Nanyi viongozi wa familia zilizohama, tunawaomba mambo mawili. Orodha ya msaada isiguswe na chama chochote. Chakula cha mwenye njaa si kadi ya uanachama. Na mahali pa kulala watu pasipandishwe bendera. Mikutano ya siasa ifanyike nje ya hapo, mchana, na anayetaka aende kwa miguu yake mwenyewe.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mji wetu, ni alama zipi za kuharibika tunazoziona katika ligi za vijana?
2. Vijana wa Likasi na Kolwezi walikuwa na shida ya kweli ya kazi. Wangeweza kuidai kwa njia gani bila kumgusa jirani?
3. Ni hatua ipi kati ya zile saba ambayo inaweza kuanza mwezi huu, bila feza ya mtu yeyote?
4. Wazazi wafanye nini ili kijana aliyekataa amri mbaya asibaki peke yake?

Kila kikundi kichague jibu moja la swali la tatu, kiandike nani atalifanya na kwa tarehe gani, kisha kikutane tena baada ya mwezi kuangalia kama limefanyika.