Programu ya Zamani Ndani ya Kompyuta Mpya



Hutokea zahanati ya parokia ikawa na programu moja ya hesabu isiyoachika. Imebeba kumbukumbu za miaka mingi, aliyeitengeneza hapatikani tena, na haikubali kufanya kazi ila katika Windows XP. Microsoft iliacha kuirekebisha XP kwa usalama Aprili 2014. Je, kompyuta nzima ibaki kuukuu kwa ajili ya programu moja?

La. Tazameni yaliyoipata Uingereza. Mei 2017 kirusi WannaCry kilihama kompyuta hadi kompyuta bila mtu kufungua barua wala faili. Katika huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo, miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Na kinga ilikuwa imekwisha kutolewa tangu Machi! Kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa.

Basi sasisheni kompyuta yote, kisha programu ya zamani ipewe chumba chake. Fundi ataweka programu kama VirtualBox, ambayo huunda kompyuta ndani ya kompyuta. XP na hesabu zenu vitakaa humo, navyo vitaona kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Chumba hicho kisiwe na mtandao kabisa. Mwambieni fundi auzime mbele yenu, msiridhike na ahadi. Lakini wengi husahau mlango wa pili, yaani folda inayotumiwa na pande zote mbili. Ikiachwa wazi kuandikwa, kirusi kilichomo ndani kitaharibu faili za nje. Kwa hiyo iwe moja tu, tena tupu, kwa kutolea taarifa za mwezi, na mhasibu aifunge akimaliza. Flashi za wageni zisiingie humo hata kwa dakika moja.

Faida mojawapo ni kwamba chumba chote huhifadhiwa kama faili. Kinakilini kila wiki katika diski ya nje, ichomolewe na kufungiwa kabatini. Kila robo mwaka mjaribu kuifungua nakala hiyo, kwani isiyofunguka haina kazi.

Kwa wafadhili: gharama kubwa hapa ni siku ya fundi na diski. Programu mpya ya hesabu bado itahitajika, na kamati iiweke katika bajeti ijayo, pamoja na jina la atakayehamisha kumbukumbu.