Mkono Mfupi, Tromboni Ndefu

Vitabu vingi vya bendi za shule humwanzisha mwanafunzi kwa noti tano za B fleti: do, re, mi, fa, so. Kwa mpiga klarineti hiyo ni kazi ya vidole tu. Kwenye tromboni, re iko nafasi ya sita ya slaidi, ule mrija wa kusukuma na kuvuta, na watoto wengi wa miaka 10 au 11 hawaifikii. Mwanzishe na so, fa na mi, yaani nafasi ya kwanza, ya tatu na ya nne. Re ingoje.

Siku za mwanzo slaidi ibaki imefungwa. Mkono wa kushoto ndio unaobeba tromboni. Wa kulia unashika slaidi kwa kidole gumba na vidole viwili, bila kukaza. Ukiona mtoto ameishika kama mpini wa jembe, msimamishe hapo hapo.

So na do zote ziko nafasi ya kwanza. Kinachozitenganisha ni midomo na pumzi, kwa hiyo darasa liimbe noti kabla ya kuipuliza. Aliyeiimba so akitokewa na do atajua mwenyewe kuwa amekosea, bila kuambiwa.

Slaidi ikifunguliwa, macho yasaidie kwanza: nafasi ya tatu mkono hukaribia ukingo wa mdomo mpana wa tromboni, ya nne huupita kidogo. Baada ya hapo ni sikio, maana kadiri mkono unavyokwenda mbele ndivyo nafasi zinavyozidi kuachana.

Kinachosumbua zaidi ni noti kuburuzika, yaani sauti kuteleza slaidi inaposogea. Mtoto akisikia jambo hilo, hukata pumzi au husogeza mkono kwa woga, na yote mawili huharibu. Waache kwanza waburuze makusudi, wacheke (watacheka sana), walijue vizuri. Kisha wapige so, fa, mi, kila noti mapigo manne: pumzi isikatike, mkono utulie mpaka pigo la nne liishe, halafu uruke haraka huku ulimi ukisema “da”. Rudieni kila kipindi.

Muda wa re ukifika, asipinde kiwiliwili wala kugeuza uso. Anyooshe kiwiko, slaidi isogee mpaka ncha za vidole. Tromboni yenye vali ya F huitoa re hiyo katika nafasi ya kwanza, kwa kidole gumba cha kushoto, ila ni nzito zaidi. Kama shule haina, anyamaze kwenye re na aingie tena kwenye mi, klarineti zitaijaza.